Gari Halitaki Watu

Nikiwa peke yangu garini, hakuna kilichogusa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililojitetea nalo kwa wiki nyingi, kwanza mbele ya watu, baadaye mbele ya nafsi yangu.

Gari lenyewe ni Altezza, namba C, rangi ya fedha. Nililinunua Dar es Salaam kwa mtu ambaye naye alilinunua kwa mtu. Wanaopenda magari watanielewa. Toyota waliitoa Altezza huko Japani mwaka 1998, na nchi za Ulaya na Marekani wakaipata kwa jina la Lexus IS. Hii yangu ina injini ya silinda sita, lita mbili, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na dashibodi yake imetengenezwa kama uso wa saa ya mkononi: duara kubwa la mwendo, na ndani yake viduara vidogo. Usiku nilikuwa naingia, nawasha taa za dashibodi peke yake, nakaa naziangalia. Nina duka la vifaa vya umeme Chanika, mjini Handeni. Kwa miaka minne kila shilingi iliyobaki baada ya kodi na mzigo iliingia kwenye ile saa.

Lakini Altezza ni gari la chini, na Handeni si mji wa magari ya chini. Barabara ya kwenda Korogwe na ile ya kwenda Mkata zina lami. Ukiiacha lami hatua mia moja tu, unakutana na mifereji iliyochimbwa na mvua na vumbi jekundu linaloficha mawe. Nyumbani kwetu panafikiwa kwa njia ya namna hiyo. Kila jioni gari lilikwangua tumbo. Ndipo nikapata wazo nililoliona la akili: niongeze ukubwa wa rimu na matairi. Gari litanyanyuka, na litapendeza. Nikisema ukweli, la kupendeza ndilo lililotangulia.

Rimu nilizipata Ilala, za inchi 17, nyeusi, ukingo wake umeng'arishwa. Matairi nikachukua ya mtumba, 225/55R17, saizi iliyozoeleka kwenye Forester. Yaliyotoka yalikuwa 205/55R16. Muuzaji alifunga palepale, akazungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, akachungulia, akasema, "Limekaa vizuri." Nililizunguka gari mara tatu. Lilisimama kama mtu aliyevaa viatu vipya na anajua anaangaliwa.

Namba za ubavuni mwa tairi nazijua sasa kama namba yangu ya simu. Wakati ule nilizisoma kama urembo. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, ila hiki hakihesabiwi kwa milimita, ni asilimia ya ule upana. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Ukipiga hesabu, gurudumu langu la zamani lilikuwa na kipenyo cha milimita 632 hivi, na jipya 679. Nusu ya tofauti hiyo, kama milimita 24, ndiyo kiasi ambacho gari lilinyanyuka kutoka ardhini. Na nusu hiyohiyo ndiyo kiasi ambacho tairi lilisogea juu kuelekea kwenye bati la fenda. Nilichokipata chini nilikuwa nimekichukua juu.

Kulikuwa na namba nyingine mgongoni mwa rimu, ambayo hata muuzaji hakuitaja. Rimu za zamani ziliandikwa 50, mpya ziliandikwa 35. Ni umbali, kwa milimita, kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu mpaka ule uso unaobana kwenye habu. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo gurudumu linavyotoka nje. Langu lilitoka milimita 15. Na kwa kuwa tairi lenyewe lilikuwa limeongezeka upana milimita 20, nusu yake nayo ikaenda nje. Jumla milimita 25. Inchi nzima ya mpira ilikuwa imesogea chini ya ukingo wa bati, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikipiga picha.

Dalili zilikuja, na kila moja nikaipa jina lingine. Nikikata kona kali kutoka dukani, mbele palisikika mkwaruzo. Nikasema ni kokoto. Siku moja nilisimamishwa barabarani kwa mwendo kasi. Mimi niliona 50 na kidogo, tochi ikasoma 55. Nikalipa elfu thelathini yangu nikinung'unika kwamba tochi ni mbovu. Tochi ilikuwa nzima. Gurudumu kubwa huenda umbali mrefu zaidi kwa kila mzunguko, karibu asilimia saba na nusu kwa hili langu, na dashibodi haina habari. Ile saa yangu nzuri ilikuwa inanidanganya. Kisha rafiki zangu wawili wakapanda nyuma kwenda kuangalia mpira. Kwenye kila tuta tukasikia sauti kama mtu anayechana turubai. Wakauliza. Nikawaambia ni barabara.

*

Mama mkubwa alifariki Korogwe, alfajiri ya Jumatano, mwaka 2021. Bibi alizaa watoto watano, na mpaka alfajiri ile walikuwa wamebaki wawili, yeye na mama yangu. Simu ilikuja saa mbili asubuhi. Mazishi baada ya adhuhuri.

Kwetu maiti haicheleweshwi. Wanaume huenda makaburini, wanawake hubaki nyumbani. Kwa hiyo kwa mama kilichokuwepo ni kile kipindi kifupi kabla jeneza halijatoka, ndugu wanapoitwa mmoja mmoja kuingia ndani kumwona marehemu mara ya mwisho. Hakulitaja hilo. Alisema neno moja tu: "Tuwahi."

Jirani yetu alikuwa na Noah. Alikuja kutoa pole na akasema yuko tayari kutupeleka, tumwekee mafuta tu. Nikamshukuru. Nikamwambia asisumbuke, gari tunalo.

Tulipanda watano: mama, shangazi zangu wawili, mdogo wangu wa kiume, na mimi. Kwenye buti tuliweka gunia la mchele la kilo 50, sufuria mbili kubwa na mikeka. Tukaondoka saa nne na nusu. Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kama kilomita 65 za lami, saa moja hivi. Muda ulikuwepo.

Tuta la kwanza lilitupokea kabla hatujatoka mjini. Ile sauti ya turubai ikaja, safari hii ndefu.

"Nini hicho?" akauliza shangazi mkubwa.

"Shokapu, shangazi. Zimechoka."

Nikaongeza sauti ya redio, nikakumbuka kwamba tunakwenda msibani, nikaizima. Baada ya hapo sauti ikasikika vizuri zaidi. Haikuwa tena ya matuta peke yake. Kila lami ilipobonyea kidogo, kila gari lilipolala kwenye kona, ilikuja. Tulipofika Misima mama alisema, kwa upole, kama anayeogopa kunikosea, "Baba, kuna kitu kinaungua." Nikateremsha vioo. Harufu ya mpira ikatoka, ikarudi.

Kabla ya Sindeni tairi la nyuma kushoto lilipasuka.

Nilishuka nikaliangalia. Ndani ya fenda, bati halikuishia wazi, lilikunjwa kuingia ndani likafanya ukingo mwembamba. Ukingo ule ulikuwa umechonga mfereji kuzunguka tairi lote, umenyooka kama umechorwa kwa rula, mpaka nyuzi za chuma zikatokeza. Nilipougusa uliniunguza kidole. Nikaenda upande wa kulia. Mfereji ulikuwa uleule, na nyuzi zilianza kuonekana. Nikatoa gunia la mchele, nikatoa sufuria, nikatoa tairi la spea. Lilibonyea mkononi kama embe lililoiva. Tangu ninunue gari sikuwahi kulipima upepo.

Zilipita kosta mbili zimejaa. Lilipita lori la mkaa, dereva akaonyesha kwa mkono kwamba ndani hakuna nafasi. Saa sita ikapita. Mama alisimama chini ya mti pembeni ya barabara, hakuuliza chochote, akiangalia upande wa Korogwe. Hatimaye mdogo wangu alisimamisha bodaboda. Mama alikuwa na miaka 63 na hakuwahi kupanda pikipiki. Alifunga kanga yake upya, akaikaza, akapanda kama wanaume wanavyopanda, akamshika yule kijana kiunoni. Hakugeuka nyuma kutuangalia.

Mimi nilifika Korogwe saa tisa, nyuma ya lori la mtu aliyenionea huruma. Nikampeleka macho mama katikati ya wanawake waliokaa mikekani. Alikuwepo. Nikashusha pumzi, nikadhani aliwahi.

Usiku ndipo aliponieleza. Walipokuwa wanakaribia mtaa wa dada yake, bodaboda ilipunguza mwendo, ikasimama, na kijana akazima injini, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu akikutana na jeneza. Wanaume walikuwa wanavuka barabara wakipokezana. Mama naye akainamisha kichwa kwa heshima ya maiti asiyemjua. Kisha akamwona mtoto wa dada yake amebeba upande wa mbele.

"Lilipita hapa," akasema, akanyoosha mkono mbele yake, karibu kabisa. "Nikaona kitambaa."

Nilianza kuomba radhi. Nikaanza pia kueleza mambo ya matairi, ukubwa, mashimo ya barabara. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa ndivyo alivyo.

"Gari lako zuri, mwanangu," akasema. "Ila halitaki watu."

*

Gari lilivutwa mpaka gereji moja Manundu, hapohapo Korogwe. Gereji yenyewe ni mwembe, kontena na shimo. Fundi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ujanani alitengeneza malori na trekta za mashamba ya mkonge. Nilitegemea aniulize nimeweka saizi gani. Aliangalia tairi lililochanika, akapitisha kidole kwenye ule mfereji, akauliza, "Huwa unabeba watu wangapi?"

"Mara nyingi niko peke yangu."

"Na hizi siti nyingine nne ni za nini?"

Nikamweleza niliyoyasikia kwa vijana wenzangu. Wengine husema weka spesa. Akasema spesa inasukuma gurudumu nje, na langu lilikuwa limetoka nje tayari. Ingekuwa ni kumwongezea mgonjwa ugonjwa. Wengine husema pachika vipande vya mpira kwenye springi ili nyuma kunyanyuke. Akasema gari litakuwa gumu kama mkokoteni, na ukipakia mzigo wa kweli litashuka palepale. Nikataja kukata ukingo kwa grainda. Hapo alikunja uso. Ukingo ule, alisema, ndipo mahali bati la nje na bati la ndani zinaposhikana. Ukiukata unafungua mshono. Maji yanaingia, na baada ya masika mawili una fenda ya kutu.

Dawa yake ilikuwa na sehemu tatu. Kwanza, matairi yale yatoke. Rimu zingebaki, lakini kwa tairi la 215/50R17, ambalo kipenyo chake ni milimita 647 hivi. Pili, ukingo wa fenda za nyuma usikatwe, ukunjwe juu ulale kwenye bati. Tatu, plastiki za ndani ya madigadi ya mbele zipashwe moto zirudishwe nyuma, maana huko ndiko ulikotoka ule mkwaruzo wa kona nilioita kokoto.

Nikapiga hesabu mchangani kwa kijiti. Kutoka 632 mpaka 647. "Kwa hiyo gari litakuwa limenyanyuka milimita saba na nusu tu," nikasema.

"Ndizo zako," akajibu. "Zile nyingine hazikuwa zako."

Kisha akaniambia nirudi kesho na watu waliokuwemo siku ile. Nilidhani anatania. Nikamuuliza kama hawezi kupakia mifuko ya saruji.

"Ninaweza. Lakini saruji ikisikia sauti haisemi."

Ilikuwa siku ya tatu ya msiba. Nilikwenda kuwaomba nikiwa na aibu ambayo sina namna ya kuieleza, na walikuja: mama na shangazi wamejifunga kanga zao za msibani, mdogo wangu amebeba chupa ya chai. Fundi alifuta mikono, akainama kidogo. "Shikamoo, mama. Poleni kwa msiba." Akawaomba kila mmoja akae alipokuwa amekaa. Mama akaingia nyuma kushoto, juu ya lile gurudumu lenyewe.

Fundi alipaka chaki kwenye ukingo wa fenda. Akaniambia nirudi nyuma polepole mpaka gurudumu la kushoto lipande juu ya gogo, ili springi ibonyee mpaka mwisho kama kwenye shimo. Tukasikia krrr. Tairi likarudi na mstari mweupe mgongoni. "Hapo," akasema. Watu wakashuka. Akapitisha moto wa gesi juu ya bati, kwa mbali, alipashe tu ili rangi isipasuke. Akachukua mpini wa jembe aliouviringishia mpira wa ndani wa tairi, akauchomeka kati ya tairi na ukingo. Mimi na mdogo wangu tukasukuma gari hatua kwa hatua. Gurudumu likazunguka, mpini ukazunguka nalo, na ule ukingo ukawa unakunjwa juu kidogo kidogo, kama mtu anayepinda pindo la nguo kwa dole gumba. Mahali pamoja rangi ilifanya ufa wa urefu wa ukucha. Akaupaka rangi hapohapo, kutu isipate mlango.

"Ingieni tena."

Chaki, gogo, krrr, lakini fupi. Wakashuka. Moto, mpini, kusukuma. Wakaingia tena. Baada ya upande wa kushoto tukahamia wa kulia. Sikuhesabu shangazi walipanda na kushuka mara ngapi. Mama nilimhesabu: mara saba. Kila mara alishika mlango, akainama, akaingiza mguu mmoja, akakusanya kanga, akakaa, akatulia akiangalia mbele. Hakuna alipolalamika. Ningependa angelalamika.

Mara ya saba fundi alizunguka akachungulia kwa tochi. Chaki ilikuwa imebaki yote kwenye ukingo. Tairi lilikuwa jeusi.

"Mama, unasikia kitu?"

Mama alitega sikio kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Sisikii," akasema.

Kazi ilikuwa shilingi elfu sitini. Matairi manne ya mtumba yalinigharimu laki tatu na ishirini. Yale makubwa sikuyauza. Yaliyokuwa mazima, ya mbele, nilimwachia fundi. Lile la kulia lenye mfereji lipo uwani kwetu mpaka leo, kuku wanatagia.

*

Siku ya arobaini tulirudi Korogwe kwa hitima. Nilikuwa nimemwomba jirani wa Noah atupeleke. Mama alikataa. Alisema gari si limetengenezwa? Tukapanda watano walewale, na mchele, na sufuria zilezile. Spea nilikuwa nimeipima upepo jana yake, na asubuhi nikaipima tena.

Matuta ya mjini tukayapita. Hakuna sauti. Misima tukaipita na vioo vimefungwa. Niliendesha nikisikiliza nyuma, kama mtu anayesikiliza pumzi za mtoto mwenye homa, na nilisikia injini, na upepo, na shangazi wakizungumzia bei ya mahindi. Kwenye kioo cha ndani nilimwona mama. Alikuwa ameshika ule mkono wa juu ya mlango, amekaza vidole, na kwenye kila bonde la lami alikuwa anaukaza zaidi.

Tulipokaribia Sindeni nilipunguza mwendo bila kukusudia. Ule mti ulikuwepo pembeni ya barabara.

"Ni hapa?" akauliza.

"Ni hapa, mama."

Aliutazama mpaka ukabaki nyuma yetu. Mbele, milima ya Usambara ilikuwa imeanza kuonekana, ya buluu, na wingu juu yake. Nilitaka kusimama. Sijui ningesimama nifanye nini.

"Endesha, baba," akasema. Mkono wake ulikuwa bado juu. "Tusichelewe."